Mrejesho: Tulipita korongoni, na tumerudi wote wanne

Niliuliza hapa kama marafiki wanne, mmoja hajawahi kupanda mlima, wanaweza kupita korongo la mlimani na kurudi siku hiyohiyo. Mkasisitiza mawili: tuanze alfajiri, na tuangalie mvua ya kule juu, si ya pale tulipo. Asanteni sana, tena sana.

Tuliingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kuta za mwamba zilitubana hadi mbingu ikabaki utepe mwembamba, na jua halikutugusa hadi karibu saa tano. Nilipapasa ukuta: laini kabisa, umesuguliwa na maji yanayobeba mchanga na kokoto miaka na miaka. Kisha nikainua macho. Juu ya kichwa changu, kama mita tatu hivi, gogo zima lilikuwa limekwama kati ya kuta mbili. Ni mafuriko yaliyoliweka pale. Hapo ndipo nikaelewa kwa nini mlisisitiza mvua ya kule juu.

Saa saba kijito kilichokuwa kiangavu kikaanza kuwa na matope na vijiti. Juu yetu hakukuwa na wingu hata moja. Yule mwenzetu ambaye hajawahi kupanda mlima ndiye aliyeona kwanza. Hatukubishana, tukapanda haraka kwenye kingo pana tukangoja. Maji yalipanda, yakanguruma, na baada ya saa moja na nusu yakashuka.

Kurudi kulimtesa magoti mwenzetu huyo, fimbo ikamsaidia. Ameshauliza tutarudi lini. Nimemwambia kiangazi.