Kompyuta ya sebuleni inawaka na kujizima papo hapo, naomba ushauri

Mkazi wa Ilazo
Wakuu habari zenu. Kompyuta niliyoiunga mwenyewe ya kuangalizia filamu sebuleni imegoma. Inatumia Kodi (programu ya kuchezea filamu) juu ya LibreELEC (mfumo endeshi wake), prosesa ya Core i3, RAM mbili za GB 4, SSD ndogo yenye mfumo na diski ya TB 4. Juzi umeme ulikatika ukarudi, ukakatika tena. Tangu hapo nikibonyeza swichi feni inazunguka kidogo, inazima, kisha inajaribu tena yenyewe. Kwenye TV hakuna picha. Fundi mmoja hapa mjini ameniambia ninunue ubao mama mpya, na kasha hajalifungua. Kinachoniumiza ni ile diski: ina video za kipaimara cha wanangu na harusi ya dada yangu, na hazipo mahali pengine. Nianzie wapi?

Fundi Majengo
Pole kaka. Anza na diski hiyo: ichomoe kabisa, waya wa umeme na wa data, uiweke pembeni. Kuwashwa na kukatwa umeme ghafla mara kwa mara kunaichosha vibaya. Ubao mama usinunue kwanza. Dalili hizo mara nyingi ni pawasaplai (kile kisanduku kinacholisha kompyuta umeme) iliyochoka, RAM isiyokaa sawa au shoti mahali fulani. Chomoa kila kitu, bakiza ubao, prosesa na feni yake, na RAM moja. Meno ya RAM yafute kwa kifutio cha penseli. Ikizima bado, chukua mita upime waya wa njano na mweusi wakati inajaribu kuwaka. Inatakiwa volti 12. Ikishuka chini ya 11.4 pawasaplai ndiyo mgonjwa. Ila usiifungue, kapasita zake hubaki na umeme hatari hata ukishachomoa plagi.

Zabibu Nyeusi
Na vumbi wakuu. Dodoma hii kipindi cha kiangazi upepo unalijaza kila tundu. Safisha kwa brashi laini, feni uishike isizunguke. Kompresa ya gereji usiiguse, hewa yake inakuja na maji na mafuta.

Mkazi wa Ilazo
Nashukuru sana. Nimebakiza RAM moja, hali ni ileile. Mita inasoma 10.7 kisha inazima. Nimeazima pawasaplai kwa jirani, imewaka na picha imekuja! Ila sasa inasema haioni diski ya kuanzia, na tarehe imerudi miaka mingi nyuma. SSD nayo imekufa?

Fundi Majengo
Hapana kaka, tarehe hiyo ndiyo inakupa jibu. Betri ya ubao mama imeisha. Plagi ikiwa ukutani ubao hulindwa na umeme wa ukutani, kwa hiyo hukuona tatizo. Umeme ulipokatika mipangilio yote ikafutika. Nunua CR2032, mafundi saa wanazo, ya volti 3. Kisha ingia kwenye mipangilio ya ubao mama, rekebisha saa na uweke SSD iwe ya kwanza. Isipokubali, badilisha namna ya kuanzia kati ya UEFI (ile mpya) na ile ya zamani, kulingana na ulivyofunga LibreELEC.

Mama Nkuhungu
Mdogo wangu, ukinunua pawasaplai yako chagua inayopokea volti 100 hadi 240. Huku mitaani jioni umeme hushuka, na nyingi za bei rahisi hazivumilii. UPS ndogo (kifaa chenye betri ya akiba) nayo itakusaidia, ili umeme ukikatika upate nafasi ya kuzima taratibu.

Mkazi wa Ilazo
Betri mpya imekaa, SSD imeonekana, Kodi imefunguka. Mungu awabariki. Diski kubwa nairudisha leo?

Fundi Majengo
Subiri pawasaplai yako mwenyewe, ya kuazima usiiamini kwa video hizo. Ukiirudisha, kabla hata ya kuangalia filamu nakili video za familia kwenye diski nyingine. Kisha soma taarifa zake za SMART, diski inavyojipima afya yake: idadi ya sekta zilizohamishwa (sehemu mbovu zilizobadilishwa na za akiba) ikiwa inapanda, tafuta diski mpya.

Mkazi wa Ilazo
Sawa kaka. Kesho napitia dukani.