Ushauri: niache kutafuta ajira nikasomee ufundi wa friji na AC?

Mtafutaji: Wakuu, salamu. Nina digrii ya uhasibu, na tangu nimalize ni kuzungusha bahasha tu. Kila usaili wanadai uzoefu. Nafikiria kusomea ufundi wa friji na AC nijiajiri. Inalipa kweli? Usiku silali.

Mzee wa Hekima: Vijana mlifundishwa kuona aibu kushika spana. Kazi ni kazi. Nenda.

Binti Sindano: Mimi nafundisha ushonaji. Wasichana wanakata vizuri sana, ila kwenye bei wanahesabu kitambaa na uzi, saa zao hawahesabu. Wewe mhasibu hapo utakuwa mbele yetu.

FundiBaridi: Inalipa kwa anayeijua. Kozi ina vitendo? Unachomelea bomba la shaba mwenyewe, au mnaangalia mwalimu?

Mtafutaji: Vitendo vipo, ingawa tunapokezana mashine moja. Nilichotaka kujua ni soko.

FundiBaridi: "Tunapokezana"? Kumbe umeshaanza. Sema yote, dogo.

Mtafutaji: Sawa mkuu. Kozi naendelea nayo, na ofisi nimeshafungua. Vifaa nimenunua kwa mkopo, dhamana ni cherehani za dada yangu. Yeye anajua nimehitimu. Lakini ningesubiri mpaka lini? Wapo walioanza bila hata kozi.

Binti Sindano: Cherehani! Ukikwama marejesho wanazibeba, na wateja wa dada wanahama siku hiyohiyo. Mdogo wangu, mwambie ukweli leo.

Kijiweni: Hii chai. Mhasibu gani anakopa kabla ya kupiga hesabu? Subirini, kesho ataweka namba ya simu ya chuo.

Mzee wa Hekima: Hata mimi nimeanza kuhisi tangazo.

Mtafutaji: Si tangazo. Friji ya mteja ipo hapa mbele yangu, ya gesi ya R600a. Niliijaza, ikagandisha vizuri, baada ya siku chache ikarudi haipoozi. Nimejaza tena, imerudi tena. Mteja anataka pesa yake.

FundiBaridi: Huyu hatungi. Dogo, gesi ya friji haiishi kama mafuta ya taa; ikipungua, pana tundu. Acha kujaza. Gesi iliyobaki itoe nje penye hewa, maana R600a inawaka, na usiwashe moto wa kuchomelea ikiwa bado ndani. Pandisha presha kwa naitrojeni kupitia regyuleta, yaani kidhibiti presha, paka povu la sabuni kwenye maungio. Panapotoa viputo ndipo penyewe. Ukishaziba, badilisha filta na uvute vakyumu ya kutosha, yaani pampu inyonye hewa na unyevu wote; unyevu ukibaki unaganda na kuziba kapilari, kile kibomba chembamba cha gesi. Kisha pima gesi kwa mizani, kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha friji. Ni gramu chache, hazikisiwi.

Mtafutaji: Mizani sina. Niliona geji na pampu vinatosha. Ila ofisi sifungi, kodi nimelipa mbele.

FundiBaridi: Usifunge. Pokea kazi za kusafisha AC na kubadilisha themostati. Za kufungua mfumo mpelekee fundi mzoefu, mgawane malipo, na usiondoke pale mpaka amalize. Ukishika mwenyewe mbele yake ndipo utajua.

Binti Sindano: Na dada?

Mtafutaji: Nitamwambia nikishatengeneza hii friji.

Binti Sindano: Kabla. Tarehe ya marejesho haingoji friji.