MREJESHO: Mlio na mwanga usingizini ili nijue naota

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama mlio au mwanga ukimfikia mtu usingizini unaweza kumfanya ajitambue ndani ya ndoto. Asanteni mliojibu, hata mlionitania kwamba natafuta majini.

Nilimfuata aliyesema usiku wa manane niachane nao, kwa kuwa usingizi wa ndoto hurefuka kuelekea alfajiri. Nikatega simu ipige kengele ya sauti ya chini kuanzia saa kumi usiku. Kabla ya kulala nausikiliza mlio uleule huku najiuliza, "Hapa naota?"

Taa imegoma. Tochi niliyoifunika kitambaa chekundu ilimwamsha mke wangu kwanza, na maneno niliyoyapata siyaandiki hapa. Stephen LaBerge, mtafiti wa ndoto wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, alitumia miwani yenye taa juu ya macho kabisa; tochi ya mezani, nje ya neti, ni habari nyingine.

Mlio umefanya kazi, ila kwa kuchechemea. Mara nyingi niliamka tu, au ukageuka honi ya daladala na ndoto ikaendelea. Kuna siku nipo kwenye kivuko cha Kigamboni, kengele ikalia kutoka ndani ya maji. Nikatazama mkono: vidole vimezidi. Nikajua naota! Furaha ikanizidi, nikaamka palepale. Ule ushauri wa kusugua viganja ili ndoto isikatike sikuukumbuka.

Atakayejaribu, apime sauti feni ikiwa imewashwa. Umeme ukikatika tu, kengele hiyohiyo inaamsha nyumba nzima.