Toyota IST au Toyota Vitz kwa shilingi milioni 11?

Muulizaji: Habari zenu wakuu. Natafuta gari dogo lililokwisha kutumika, la kwendea kazini hapa Dar es Salaam. Nichukue lipi?

Jibu: Ndugu, ningechukua IST ya toleo la kwanza, la 2002 hadi 2007, kwa sababu injini yake hutumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, na cheni hudumu zaidi, na vipuri vyake vimejaa Kariakoo.

Jibu: Kilometa za kwenye dashibodi usiziamini, kwani hurudishwa nyuma. Liwashe gari likiwa limepoa kabisa (ukikuta muuzaji ameshaliwasha, rudi kesho), kisha utazame bomba la moshi. Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili.

Jibu: Fundi awe wako, si wa muuzaji, na jina la kwenye kadi ya gari lilingane na la anayekuuzia.