Projekti ya kikundi kuhusu uandishi wa kazini, tuanzie wapi? (Mbeya)

binti_uyole
Wakuu habarini, wakubwa shikamooni. Tuko sita, mwaka wa pili chuo hapa Mbeya, tumepewa projekti ya kikundi tutafiti watu wanavyoandika kazini, yaani barua, ripoti, mihtasari ya vikao, hadi meseji za kwenye magrupu ya wasapu ya ofisi, afu tuandike ripoti na kuiwasilisha. Tuna wiki 8. Vikao viwili tumeshakaa na kila mtu ana lake, mmoja anataka halmashauri, mwingine benki, mwingine anasema twende kwa wafanyabiashara Mwanjelwa maana pale kila mtu ana daftari lake, mimi nikapendekeza dodoso la maswali 40 tugawe ofisi 10. Ila roho haitulii, naona kama tutapata majibu mengi yasiyo na kitu. Na mmoja wetu vikaoni haonekani kabisa. Naombeni msaada, hii kazi naipenda kweli sitaki iishie kwenye kujaza kurasa.

mstaafu_masijala
Marahaba binti yangu. Nimefanya kazi masijala, pale ofisini yanapotunzwa majalada na barua, miaka 19. Hilo dodoso liache, ukimuuliza mtu kama anaandika vizuri atakujibu ndiyo, wewe ungejibu nini? Chagueni karatasi moja muifuate inakotembea. Barua ikiingia inagongwa muhuri wa kupokelewa, inaandikwa kwenye rejista, inawekwa kwenye jalada na kupewa namba ya folio, yaani namba ya karatasi ndani ya jalada, jalada linapanda kwa mkuu, mkuu anaandika pembeni kwa kalamu "Afisa Utumishi, shughulikia", afisa naye anaandika dokezo, yaani maelezo mafupi ya ndani ya ofisi, jalada linarudi. Kila kituo kuna mtu kaandika kitu na wengi wao hawakufundishwa darasani. Muulize kijana aliyeandika "Husika na kichwa cha habari hapo juu" kajifunzia wapi, atakwambia alifungua jalada akaangalia ya nyuma. Hapo ndipo utafiti ulipo.

Ila majalada ya serikali hamtaonyeshwa hivihivi, na barua ya utambulisho ya chuo inaweza kupitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa ndo ishuke chini, wiki 8 zitaishia njiani. Tafuteni sehemu ambayo mwenye nayo anaweza kuwaruhusu mwenyewe.

kaka_mafinga
Mzee kasema kweli tupu. Sisi tulipokuwa chuo huku Iringa tuligawa madodoso 100 yakarudi 31, na kati ya hayo 31 tulikuta 9 mwandiko mmoja, dada wa mapokezi alikuwa amewajazia wenzake ili tusimsumbue. Simlaumu, watu walikuwa na kazi zao. Tukahamia kwenye yadi ya mbao Mafinga tukachukua kitu kimoja tu, kile kitabu cha delivari, cha kuandikia mzigo unaopelekwa kwa mteja, chenye karatasi ya kaboni katikati. Dada binti_uyole, usimuulize karani maswali, mfungulie ukurasa mmoja mwambie "naomba unisomee huu". Sisi yule mama alisoma vitu ambavyo sisi hatukuviona kabisa, kumbe tiki ya pembeni ni kwamba dereva kahesabu mwenyewe, kiduara kidogo juu ya namba ni kwamba hela haijaisha, na neno "pcs" kaandika yeye lakini kwa wapakiaji anatamka vipande. Tulikaa saa nzima kwenye ukurasa mmoja!! Yote hayo hakuna dodoso lingeyatoa.

Kuhusu kugawana, msigawane kwa sura, eti wewe utangulizi wewe hitimisho, mtapata ripoti isiyoongea na mwenzake. Nendeni wawiliwawili, kila wawili sehemu yao ila nyaraka ya aina moja, kila Ijumaa mnaziweka mezani mnalinganisha. Na huyo haonekani, andikeni muhtasari wa kila kikao, nani kachukua kazi gani na ya lini, wote msaini, yeye apelekewe. Nao ni uandishi wa kazini huo, utunzeni.

nesi_tukuyu
Mdogo wangu, naongeza moja na naomba ulishike. Mkifika hospitali msipige picha kitabu cha ripoti ya zamu, mle kuna majina na magonjwa ya watu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria ni siri ya mtu. Grupu la wasapu pia, ruhusa ya admini peke yake haitoshi, walioandika ni wengi. Mkiruhusiwa kupiga picha mahali, futeni majina siku hiyohiyo kabla picha hazijazunguka kwenye simu sita.

binti_uyole
Asanteni sana, mzee wangu, kaka, dada. Nimewasomea wenzangu jana usiku wote wamekubali dodoso tuliache. Tunachukua kitabu cha delivari, wawili stoo ya mchele Mwanjelwa, wawili duka la vifaa vya ujenzi Mbalizi, mimi na mwenzangu duka la pembejeo hapa Uyole, mama mwenye duka ananifahamu tangu mdogo. Muhtasari tumesaini watano, wa sita nampelekea bweni kwake leo jioni. Kaka_mafinga, yule mama mlimrekodi sauti au mliandika tu? Jumatano ndo naenda na naogopa kalamu itanipita.

kaka_mafinga
Tulirekodi, baada ya kumuomba, mmoja anaongea naye mwingine anaandika anachokionyesha kwa kidole maana kidole hakisikiki kwenye rekodi. Nendeni asubuhi kabla gari la mzigo halijafika.