Re: Barua ya ofisi na kiyoyozi kimekufa, naombeni msaada

Mama Furaha, Glendale, Arizona. Jumanne 15 Julai 2025, saa 4 usiku

Ndugu zangu, poleni na joto. Tangu Jumamosi feni ya kile chombo cha nje cha kiyoyozi haizunguki. Kinavuma kama nyuki, halafu kinanyamaza. Ndani ya trela themostati inasoma digrii 94 za Fahrenheit (kama 34 za Selsiasi), na huu ni usiku. Watoto nimewalaza sebuleni sakafuni, nikawafunika vitenge nilivyoviloweka maji.

Mwezi wa tano niliomba LIHEAP (msaada wa serikali wa kulipia bili ya umeme) na weatherization (msaada wa kukarabati nyumba isipoteze baridi) kwa pamoja. Leo barua imefika: faili limesimama kwa sababu jina lililo kwenye bili ya umeme si la mtu anayeishi hapa. Bili ni ya kijana wangu mkubwa. Tulipofika kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, mwaka 2016 yeye ndiye aliyekijua Kiingereza, ametoka tu kutimiza miaka 18, akafungua akaunti. Sasa yuko Iowa, kiwanda cha nyama. Mwisho wa kujibu ni tarehe 25.

Naomba kujua: nibadilishe jina kwanza, wakati shirika la umeme litanidai dhamana ya akaunti mpya, au kijana aandike karatasi kwamba mimi ndiye ninayelipa? Na nikibadilisha, ombi linaendelea au linaanza upya? Nimepiga simu mara tatu. Mara ya mwisho nilisubiri dakika 50, ikakatika.

Baba wa Mesa. Saa 5 usiku

Pole sana mama. Mimi walinikwamisha kwa vocha za mshahara. Walitaka za siku 30 za mwisho, nikapeleka. Faili likakaa mezani wiki sita, ndipo wakaniambia vocha zimepitwa na wakati, nilete mpya. Nilipeleka mara tatu. Nakala za kila kitu weka, na ukipeleka karatasi kwa mkono omba wakugongee muhuri wa tarehe.

Dada wa Tempe. Jumatano, saa 1 asubuhi

Mama Furaha usihangaike na hizo fomu! Sheria iko wazi, mwenye nyumba analazimika kuhakikisha ndani hapazidi 82. Mwandikie barua leo, asipotengeneza unaita fundi na kumkata kwenye kodi.

Mzee wa Maryvale. Saa 2 asubuhi

Dada, tuwe waangalifu tunapomwelekeza mtu mwenye watoto. Kwanza, hiyo 82 ni kanuni ya jiji la Phoenix kwa nyumba za kupanga zenye kiyoyozi, na kwa kile kipoza-hewa cha maji ni 86. Mama yuko Glendale. Pili, kasema trela. Wengi wetu kwenye zile paki za trela, trela ni mali yetu, tunalipia kiwanja tu. Mwenye paki hahusiki na kiyoyozi chako. Asilolimudu tena ni kukukataza: tangu sheria ya jimbo ya 2024, hana ruhusa ya kukuzuia kufunga kiyoyozi cha dirishani. Mimi waliwahi kunitoza faini kwa hicho cha dirishani, kwa sababu eti kinaharibu sura ya paki, na mke wangu ana presha.

Dada wa Tempe. Saa 2:20

Shikamoo mzee. Nimekuelewa, lakini hakusema trela ni yake. Na hata nje ya Phoenix, sheria ya jimbo inamtaka mpangishaji atengeneze kiyoyozi alichokiweka mwenyewe. Nisionekane nimetunga.

Mama Furaha. Saa 2:40

Trela ni yangu. Nalipia kiwanja.

Fundi wa Avondale. Saa 3 asubuhi

Mama, kuvuma bila feni kuzunguka, mara nyingi ni kapasita. Ni kopo la bati ndani ya chombo cha nje, linaipa feni na kompresa nguvu ya kuanza. Joto la hapa linazipasua. Kila Julai nabadilisha nyingi kuliko kifaa kingine chochote. Dukani ni chini ya dola 50. Akija mtu akitaka mia nne, au akisema mashine nzima imekufa kabla hajaipima kwa mita, mwambie aende.

Zima kiyoyozi kabisa sasa hivi, mpaka swichi ya kwenye paneli ya umeme. Kompresa ikiendelea kuhangaika bila feni, inaungua, na hapo ndipo gharama halisi inapoanza. Usifungue mwenyewe wala kijana yeyote asifungue kwa kufuata video. Kapasita inabaki na umeme hata baada ya kuzimwa. Nitapita jioni nikitoka kazini.

Na hiki nawaambia wote mnaoishi kwenye trela: mabomba ya hewa yanapita chini ya sakafu. Panya, maji na miaka vinayachana. Nimelala chini ya trela nikakuta hewa baridi inamwagika kwenye mchanga, huku ndani watu wanatokwa jasho na bili ni dola 400. Mwenyewe kashauriwa anunue mashine ya tani nne (tani ndiyo kipimo cha nguvu ya kupoza) badala ya tatu. Angenunua, angepoza ardhi kwa kasi zaidi. Anzeni kwa kuziba mabomba, ndipo mzungumzie mashine. Ndiyo maana weatherization ina thamani kuliko LIHEAP: moja inalipa bili, nyingine inatibu nyumba.

Baba wa Mesa. Saa 6 mchana

Asante fundi. Mimi nimeambiwa gesi ya kupoza ya mashine yangu haitengenezwi tena, ninunue mfumo mzima, dola 14,000. Ila kuna nafuu ya kodi ya serikali, asilimia 30, kwa hiyo nitarudishiwa.

Fundi wa Avondale. Saa 6:30

Gesi ipi? Tazama kibati cha nje. R-22 haitengenezwi wala kuingizwa nchini tangu 2020, hapo wana hoja. Kama ni R-410A, mashine mpya ndizo zilizohamia gesi nyingine mwaka huu wa 2025. Yako bado inatengenezeka na gesi ipo. Wanawatisha watu kwa kuzichanganya hizo mbili.

Mhasibu wa Chandler. Saa 7 mchana

Narekebisha. Hiyo nafuu kikomo chake ni dola 2,000 kwa pampu ya joto (mashine inayopoza na kupasha joto), na 600 tu kwa kiyoyozi cha kawaida. Hairudishwi mkononi, inapunguza kodi unayodaiwa. Asiyedaiwa kodi hapati chochote. Na sheria iliyosainiwa tarehe 4 mwezi huu inaifuta mwisho wa Desemba 2025.

Mzee wa Maryvale. Saa 8 mchana

Ndivyo wanavyotuonea. Mwezi wa nne waliwaachisha kazi wafanyakazi wote wa Washington waliokuwa wakiisimamia LIHEAP. Halafu mnashangaa simu inakatika baada ya dakika 50.

Baba wa Mesa. Saa 8:15

Mzee, siasa tuziache. Simu zilikatika hata wakati wa wale wengine.

Mzee wa Maryvale. Saa 8:40

Siasa ndiyo inayoua watu hapa, mwanangu. Mwaka 2018 mama wa miaka 72 huko Sun City West alikatiwa umeme kwa deni la dola 51, akafa kwa joto. Ni baada ya hapo Tume ya jimbo ilipokataza mashirika ya umeme inayoyasimamia kukata umeme kuanzia Juni 1 hadi Oktoba 15. Mwaka 2023 kaunti hii ya Maricopa ilihesabu vifo 645 vya joto. Nisizungumze?

Dada wa Tempe. Saa 11 jioni

Mnanikumbusha nyumba ya bibi, Lamu. Kuta za matumbawe nene kama mkono wangu, dari juu kabisa, ua wa wazi katikati ya nyumba unavuta upepo. Kaskazi au kusi, hatukuwa hata na feni. Huku wanajenga kwa mbao na karatasi, kisha wanakuuzia baridi kwa mwezi.

Baba wa Mesa. Saa 11:30

Mimi ni Bukavu. Mwezi huu asubuhi unavaa sweta. Binti yangu haamini nikimweleza.

Mama Furaha. Saa 4 usiku

Fundi amefika, Mungu ambariki. Ilikuwa kapasita, ilikuwa imevimba kama kopo la samaki lililooza. Amekataa pesa ya kazi, amepokea ya kifaa tu. Sasa hivi themostati ni 83, inashuka. Amechungulia chini pia: bomba la upande wa chumba cha watoto limeachana kabisa. Amelifunga kwa muda, anasema hilo ndilo la weatherization.

Kwa hiyo barua bado inanihusu. Kuna yeyote aliyewahi kubadilisha jina la bili ombi likiwa katikati? Imebaki siku tisa.

Baba wa Mesa. Saa 4:10 usiku

Fundi, nimetazama kibati. Kimeandikwa R-410A. Kesho unapita Mesa?