Neno moja "Napinga!" linaua muswada binafsi. Kanuni hizi zibadilishwe!

Wakuu, nimechoka. Kanuni za Bunge la Uingereza kuhusu miswada binafsi ya wabunge, yaani ile inayoletwa na mbunge mmoja mmoja na si serikali, ni mbovu, na wenye uwezo wa kuzibadilisha wanazitazama tu.

Chukueni tarehe 15 Juni 2018. Mbunge Wera Hobhouse ana muswada wa kuharamisha kumpiga mtu picha chini ya sketi bila ridhaa yake. Serikali inauunga mkono. Inagonga saa nane na nusu mchana, muda wa mjadala umekwisha, karani anasoma jina la muswada ili upite iwapo hakuna anayepinga. Mbunge mwenzake, Christopher Chope, anapaza sauti: "Napinga!" Basi. Hakutakiwa kutoa sababu, wala kura haikupigwa. Wabunge wenzake wakamzomea "Aibu!", lakini kanuni zilikuwa upande wake. Sheria ilipatikana 2019 kwa kuwa serikali ilileta muswada wake yenyewe. Je, muswada ambao serikali haina habari nao utaokolewa na nani?

Na hapo ni baada ya kupenya kwenye bahati nasibu inayochagua majina 20 ya wabunge watakaoleta miswada, kisha kugombania Ijumaa 13 tu za kila kikao cha Bunge zilizotengwa kwa miswada hiyo, siku ambayo wabunge wengi wamesharudi majimboni! Ukitaka mjadala ufungwe kura ipigwe, lazima wabunge 100 waunge mkono kuufunga. Wasipofika, mpinzani anaongea mpaka saa iishe. Tarehe 30 Oktoba 2015 mbunge Julie Cooper alileta muswada wa kuwaondolea wanaouguza ndugu zao ada ya maegesho hospitalini. Mbunge Philip Davies akasimama akaongea dakika 93. Muswada ukafia hapo. Mtu anakesha wodini na mgonjwa wake, asubuhi analipia gari, na hoja yake haijapata hata heshima ya kukataliwa kwa kura. Hili linaniuma kuliko yote.

Msiniambie kanuni hizi zinatukinga na sheria mbovu. Sheria mbovu ikataliwe kwa kura, majina yaandikwe, wapiga kura wayaone.

Kamati ya Bunge hilohilo inayoshughulikia taratibu ilitaka mabadiliko katika ripoti zake za 2013 na 2016. Ninachodai ni kidogo: muswada ukishajadiliwa siku nzima, Spika awahoji wabunge kabla ya kuahirisha. Wanaosema ndiyo wasikike, na wanaosema siyo wasikike.